Riziki Yetu na Sanduku la Kufuli Nne: Tathmini ya Mafundisho Yetu juu ya Ombi la Nne

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja wa mlimani tuliokuwa tukiutumikia, mama mmoja mjane alileta debe la maharage katika Sikukuu ya Mavuno. Baada ya ibada maharage hayo yalinadiwa pamoja na mahindi, ndizi, kuku na mbuzi. Aliyeyanunua alikuwa Mkristo mwema aliyetoka mjini, naye alipandisha bei hata ikazidi mara mbili bei ya sokoni, kwa nia ya kumtolea Mungu. Fedha ziliingia katika mfuko wa kuezeka kanisa. Sote tulishangilia.

Mwezi wa Februari uliofuata mama yule alifika ofisini kwetu kuomba chakula. Tulifungua daftari la usharika. Palikuwa na fungu la mabati, fungu la vyombo vya muziki na fungu la safari. Fungu la chakula halikuwapo. Tulimwombea, tukampa kile kidogo tulichokuwa nacho mfukoni, tukamsindikiza. Alipofika mlangoni aliuliza, bila hasira yoyote: "Baba Mchungaji, na yale maharage tuliyoyaleta, yote yalikwenda mjini?"

Hatukumjibu, na makala hii ni jaribio la kumjibu. Hatukusudii kuwalaumu Wakristo wetu, ambao hutoa kwa moyo wakiwa na kidogo. Tunakusudia kuyapima mafundisho tunayowapa juu ya Ombi la Nne la Sala ya Bwana, hasa katika madarasa ya kipaimara. Hoja yetu ni kwamba mafundisho hayo humfundisha Mkristo kupokea na kushukuru, lakini hayamfundishi kwamba yeye mwenyewe, pamoja na jirani zake, amekabidhiwa sehemu ya ufunguo wa ghala.

1. Neno "riziki" na neno "yetu"

Tuanze na lugha. Katika Kigiriki cha Mathayo 6:11 na Luka 11:3 kinachoombwa ni *artos*, yaani mkate, chakula cha mezani kinachoshikika kwa mkono. Sifa inayoambatana nacho, *epiousios*, ni neno la nadra mno, na wafasiri wameshindana juu yake tangu siku za Origen: je, ni mkate wa leo, wa kesho, au wa kututosha? Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952 na ambayo ndiyo iliyotulea wengi wetu, imetumia neno "riziki". Tafsiri ya Habari Njema imetumia "chakula".

Hatusemi kwamba waliochagua "riziki" walikosea. Mkate si chakula cha kila siku cha watu wetu wengi, na neno riziki lina upana unaokaribiana na ule aliokuwa nao Luther alipofafanua ombi hili. Hata hivyo kila neno huja na mzigo wake. Riziki, neno lililotoka katika Kiarabu, kwa Mswahili ni fungu ambalo Mungu amemwandikia mtu. Kila mtu na riziki yake, husema watu, tena riziki haivutwi kwa kamba. Katika matumizi hayo mwenye kingi ameandikiwa kingi na mwenye kidogo ameandikiwa kidogo, wala hakuna wa kuulizwa.

Hapo ndipo neno dogo "yetu" linapomezwa. Mwombaji hasemi "riziki yangu". Anayeliomba ombi hili huku akijua kwamba jirani yake amelala na njaa amekwisha kumwombea jirani huyo, apende asipende. Mana ya jangwani ilifuata kanuni iyo hiyo: aliyekusanya nyingi hakuzidishiwa, aliyekusanya chache hakupungukiwa, na iliyowekwa akiba kwa choyo iliingia mabuu (Kutoka 16:17-20). Tunapofundisha Ombi la Nne bila kulitilia mkazo neno "yetu", tunabaki na riziki ya kila mtu peke yake, na hiyo si sala ya Bwana wetu.

2. Luther: nguvu na upungufu

Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 Luther anaulizwa maana ya mkate wa kila siku, naye anatoa orodha ndefu inayoanza na chakula na kinywaji, inapita shamba, mifugo, fedha, nyumba, watawala wema, hali ya hewa na amani, na kumalizikia kwa majirani waaminifu. Wanafunzi wetu wa kipaimara huikariri orodha hii bila kukosea. Ni mara chache tumewauliza kwa nini jirani amewekwa katika orodha ya chakula.

Jibu limo katika Katekisimu Kubwa ya mwaka huo huo. Hapo Luther anaeleza kwamba mkate haufiki mezani kwa tanuri tu, bali unahitaji shamba zima, njia salama, biashara ya haki na utawala mwema. Anafika mahali pa kusema kwamba ingefaa nembo ya mtawala mwema iwe na mkate badala ya simba, na sarafu zigongwe kwa alama ya mkate, ili mtawala na raia wakumbuke kazi ya serikali ni nini. Kisha anawageukia wale wanaowaonea maskini sokoni kila siku na kuwanyang'anya mkate wao, akiwaonya kwamba ombi hili la Kanisa linaweza kugeuka kuwa kinyume chao. Katika maelezo ya Amri ya Saba amekwisha kulifananisha soko la namna hiyo na pango la wanyang'anyi. Mahubiri haya ni makali, na ni jambo la kusikitisha kwamba mengi ya maneno haya hayasikiki katika mimbari zetu.

Lakini hatuna budi kumhakiki Luther pia. Akiisha kuonya, anasema kwamba sisi hatuna la kufanya ila kuvumilia, na kumwachia Mungu hukumu. Wenye kutenda katika maelezo yake ni Mungu, mtawala na mdhalimu. Mkulima na mama mwenye nyumba wanaomba na kungoja. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani ya kusini, katika yale Maazimio Kumi na Mawili yaliyotungwa Memmingen, walidai kwamba zaka ya nafaka ikusanywe na wazee waliochaguliwa na usharika, mchungaji apewe ya kumtosha, na inayosalia wagawiwe maskini wa kijiji. Luther aliikubali haki ya usharika kumchagua mchungaji, lakini dai hili la zaka aliliita unyang'anyi, kwa sababu zaka ilikuwa mali ya watawala. Alilinda sheria ya mali akasahau swali la chakula. Tumeurithi upungufu huo pamoja na katekisimu.

3. Sanduku la Leisnig

Linaloshangaza ni kwamba miaka miwili tu kabla ya hapo Luther mwenyewe alikuwa ameunga mkono jambo jema zaidi. Mwaka 1523 usharika wa mji mdogo wa Leisnig, katika nchi ya Saksonia, ulitunga utaratibu wa sanduku la pamoja, na Luther akauandikia dibaji na kuuchapisha ili uwe kielelezo kwa wengine. Mapato yote ya usharika yalikusudiwa kuingia katika sanduku moja. Lilisimamiwa na watu kumi waliochaguliwa na usharika: wawili kutoka kwa wakabaila, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa raia wa kawaida wa mjini na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne na funguo zake nne, na kila kundi lilishika ufunguo mmoja. Hapakuwa na kundi lililoweza kulifungua peke yake.

Sanduku hilo halikuwa la fedha tu. Utaratibu uliagiza kwamba inunuliwe akiba ya nafaka na mbaazi, iwekwe kwa ajili ya usharika mzima, na nyakati za uhaba iuzwe, ikopeshwe au itolewe bure kwa kadiri ya hitaji la kila mmoja. Huu ni mfumo wa chakula wa mahali, umebuniwa na watu wa kawaida, na umeandikwa kama sehemu ya matengenezo ya Kanisa.

Tusiipambe habari hii. Sanduku la Leisnig lilipata taabu tangu mwanzo, kwa kuwa baraza la mji lilikataa kuziachia mali zilizopaswa kuingia humo. Luther alimwandikia mtawala wa Saksonia kulalamika, bila mafanikio makubwa. Kufuli nne hazina nguvu ikiwa aliye na mali hataki kuiweka sandukuni. Lakini kushindwa huko hakufuti wazo lenyewe, nalo lina mizizi ndani ya Maandiko. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6:1-6), mitume hawakuishia kuwaombea. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Huenda, basi, ufunguo wa ghala uliwekwa mikononi mwa kundi lile lile lililonung'unika.

4. Ghala la ufunguo mmoja

Kwa kawaida tunapohubiri juu ya akiba ya chakula tunamwendea Yusufu. Mwanzo 41 inatufurahisha: miaka saba ya shibe, ghala zikajazwa, watu wakaokoka. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuhubiri Mwanzo 47:13-26? Humo watu wananunua nafaka kwa fedha mpaka fedha zinakwisha, kisha kwa mifugo, kisha kwa mashamba yao, na mwisho kwa miili yao. Waliookolewa na ghala lile walitoka humo wakiwa watumwa wa Farao. Ghala lilikuwa jema, lakini ufunguo ulikuwa mmoja.

Historia yetu nayo inatufundisha. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao wenyewe, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Zao hilo lilikuwa la kuuzwa ng'ambo, si la kuliwa nyumbani, lakini lilionyesha kwamba watu wa vihamba wanaweza kushika mizani na daftari. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa, kazi yao ikahamishiwa kwenye mamlaka za mazao, na nafaka ikawa kazi ya Shirika la Taifa la Usagishaji. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, lakini mazoea ya wanachama kusimamia mali yao wenyewe hayarudishwi kwa sheria. Wala hatusemi kwamba ushirika wenyewe haukuwa na dosari, kwa maana wakulima wengi wanakumbuka viongozi wa vyama waliokula mali yao. Kosa ni lile lile, ufunguo mmoja, hata kama aliyeushika alikuwa mtoto wa kijiji.

5. Mizani yetu na mnada wetu

Nabii Amosi aliwashitaki wafanyabiashara waliongoja sabato ipite ili wapunguze kipimo, waongeze bei na kudanganya kwa mizani (Amosi 8:4-6). Kwetu dhambi hiyo ina jina: lumbesa. Kanuni za vipimo haziruhusu gunia la mazao lizidi kilo 100, na tangu mwaka 2002 tunaye Wakala wa Vipimo. Hata hivyo viazi, vitunguu na mahindi vingali vikiuzwa katika magunia yaliyoshonewa kilemba juu. Tuseme gunia moja lina kilo 130. Mkulima analipwa gunia, mnunuzi akifika mjini anauza kwa kilo. Katika magunia 10 mkulima amegawa bure kilo 300. Mama anayenunua mjini hafaidiki na kilo hizo, kwa kuwa yeye hupimiwa kwa gramu.

Wanaofanya biashara hii hawatoki mbali. Wengine tunawabariki madhabahuni, na zaka yao tunaipokea. Wakulima nao hukubali kwa sababu ada ya shule imefika na hawana mahali pa kutunza mavuno. Wengine huuza yakiwa bado shambani, kama ilivyo butura ya kahawa kule Kagera, kwa bei ambayo mwenye njaa hawezi kuikataa. Mithali 11:26 inasema kwamba watu humlaani azuiaye nafaka, na baraka humkalia auzaye. Tungeongeza kwamba asiye na ghala hawezi kuzuia wala kuuza kwa wakati wake.

Na sisi je? Katika mnada wetu wa mavuno hakuna mizani. Gunia linatazamwa kwa macho, linanadiwa, linapakiwa garini. Sadaka ya chakula inageuzwa kuwa fedha ndani ya saa moja, kisha kuwa saruji na bati. Hatuupingi mnada wote, maana umejenga makanisa na zahanati nyingi. Tunapinga mnada usiobakiza kitu. Sheria ya Musa ilimtaka mwenye shamba asivune mpaka pembeni, ili masikini na mgeni waokote (Walawi 19:9-10), na pasipo agizo hilo Ruthu asingekutana na Boazi. Sisi tunavuna mpaka pembeni, tena ndani ya ua wa kanisa.

Aidha, tuzitazame taasisi zetu. Shule, hospitali na vyuo vya Kanisa hulisha mamia ya watu kila siku. Mara nyingi zabuni hupewa mzabuni mmoja anayeleta mchele na maharage kutoka mbali, huku washarika walio jirani na ukuta wa chuo wakiuza maharage yao kwa lumbesa. Tunafundisha diakonia darasani na kuisahau jikoni.

6. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wanaoshika sana fundisho la tawala mbili. Husema kwamba chakula ni kazi ya serikali, na kwamba tayari upo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Tunakubali kwamba ni kazi ya serikali, na Kanisa halipaswi kujifanya wizara. Lakini Luther hakuiweka katika utawala wa dunia serikali peke yake. Nyumba, shamba na soko vimo humo pia, na humo Mkristo ana wito wake. Akiba ya taifa huwekwa kwa ajili ya maafa yanayotangazwa, na njaa ya mama mmoja mwezi wa Februari haitangazwi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, kusisitiza chakula cha mahali si kujifungia? Mvua ikikosekana Same au Dodoma, watu huishi kwa mahindi ya Rukwa na Ruvuma. Ni kweli, na Paulo alichangisha sharika za Makedonia na Akaya kwa ajili ya Yerusalemu (Warumi 15:26). Tunaposema mahali hatuna maana ya kufunga njia. Tuna maana kwamba walaji na walimaji wa mahali wawe na sauti katika kupima, kuweka akiba na kugawa, ili hata chakula cha mbali kikija, kikute watu wenye mikono ya kukipokea kwa haki.

7. Mapendekezo

Kwa kuwa makala hii inawaendea wachungaji na watakaokuwa wachungaji, tunapendekeza mambo machache yasiyohitaji mfadhili.

Kwanza, katika kila Sikukuu ya Mavuno sehemu ya nafaka na maharage isinadiwe, bali iwekwe. Nyumba 60 zikitoa debe moja la mahindi kila moja, hayo ni takribani magunia 10. Yakaushwe vizuri na kuhifadhiwa katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo humkomesha dumuzi pasipo dawa. Ukaushaji si jambo la kupuuza: mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

Pili, ghala hilo liwe na kufuli nne. Ufunguo mmoja ashike mkulima, mmoja mama aliyechaguliwa na akina mama wenyewe, mmoja mchuuzi wa mazao, na mmoja mzee wa kanisa. Mchuuzi tumemtaja kwa makusudi, kwa kuwa anajua bei na njia, na akishirikishwa atakuwa na la kujibu mbele ya jirani zake. Mchungaji asiwe na ufunguo. Kazi yake ni kulifundisha neno "yetu", na kusikiliza wanaonung'unika.

Tatu, usharika uwe na mizani iliyohakikiwa, nayo itumike hadharani, kwanza katika mnada wetu wenyewe, kisha kwa mshariki yeyote anayetaka kujua uzito wa gunia lake kabla hajaliuza.

Nne, taasisi zetu zitenge sehemu ya manunuzi yao kwa vikundi vya wakulima wa jirani, kwa kilo na kwa bei iliyoandikwa ukutani.

Hitimisho

Tumesema kwamba mafundisho yetu juu ya Ombi la Nne yamebaki nusu. Tumefundisha shukrani, nayo ni ya lazima, kwa sababu hakuna akiba inayoweza kuamuru mvua. Lakini tumewaachia watu wengine hesabu ya nani ale nini, kisha tukawaombea walioachwa nje ya hesabu hiyo.

Mama yule tuliyemtaja amekwisha kulala katika Bwana. Sisi tulihamishwa usharika kabla hatujaweka hata debe moja ghalani, na hilo tunaliungama hapa. Jibu tulilopaswa kumpa lilikuwa: ndiyo, mama, yote yalikwenda mjini, nasi ndio tuliyoyapeleka. Mwanafunzi atakayesoma makala hii na kupangiwa usharika mwakani, alifungue daftari la bajeti kabla ya Sikukuu ya Mavuno, na aangalie kama limo fungu la chakula. Kama halimo, alilete mbele ya baraza la wazee. Mungu amsaidie.